Mguu Usiomjua Ngamia

Juzi nilipita karakana yetu ya miguu ya bandia, maana mtu aliyezoea harufu ya plasta hawezi kukaa nyumbani wiki nzima bila kuitafuta. Nikawakuta nyinyi vijana mmezunguka meza mkiangalia mguu uliotoka kwenye mashine. Mlikuwa mmempiga mgonjwa picha kwa simu, pande zote. Kompyuta ikachora, mashine ikazungusha uzi wake wa plastiki duara juu ya duara, na jioni kikombe cha mguu, yaani ile sehemu ambayo kigutu kinaingia, kikawa tayari. Hakuna aliyechafuka hata kidole. Nilikishika, nikapitisha dole gumba ndani, pale panapoumiza watu siku zote, na wallahi kilikuwa laini kuliko chochote nilichowahi kuchonga. Sikuwaonea wivu. Labda kidogo tu.

Mkaniomba niwaandikie mambo ya zamani, mkasema hasa yale ya kuchekesha. Basi nimekaa hapa barazani kwangu, Garissa, na daftari la mjukuu, na nitaandika kama yatakavyokuja. Mengine hayachekeshi.

Mimi, Jilo, sikusomea kazi hii mwanzoni kama nyinyi. Nilizaliwa kando ya Mto Tana kwa wakulima wa ndizi, na ujana wangu nilikuwa fundi viatu sokoni. Nilishona ndara za ngozi, nikakata akala za tairi. Aliyenitoa sokoni ni Mzee Mutua, Mkamba mfupi mwenye nyusi nyingi, aliyekuwa mchonga vinyago kabla hajawa mchonga miguu. Alikuja kutafuta ngozi, akaokota ndara yangu moja, akaigeuza, akapapasa mshono wa ndani ambao mteja haoni.

"Wewe unashona kama mtu aliyewahi kuumwa na kiatu," akasema.

Wiki iliyofuata nilikuwa karakana, nachanganya plasta.

Mwaka huo wa kwanza nilimtengenezea mama mmoja kikombe cha mguu, nikaacha mkunjo mwembamba ndani. Mzee Mutua aliuona. Nikamwambia, "Ni kidogo tu, Mzee." Alitoa punje moja ya mahindi mfukoni, akaiweka ndani ya kiatu changu cha kulia, akanifunga kamba mwenyewe, akaniambia nitembee mpaka darajani na kurudi. Nilipofika daraja la Tana nilikuwa nachechemea kama mzee. Niliporudi kisigino changu kilikuwa na lengelenge la ukubwa wa sarafu. "Ni kidogo tu?" akaniuliza. Tangu siku hiyo sijawahi kutumia maneno hayo mbele ya mgonjwa, na nawaomba nyinyi pia msiyatumie, hata kama mashine imesema kila kitu kiko sawa. Ingizeni kidole. Fumbeni macho mkifanya hivyo, maana macho husamehe haraka kuliko ngozi.

Mzee alikuwa na daftari kubwa alimobandika picha za vifaa vya watu wa kale. Siku zisizo na wagonjwa tulikaa kwenye benchi akanionyesha. Kulikuwa na mkono wa chuma wa askari wa Ulaya ya zamani, ambao vidole vyake vilijifunga kwa springi ili ashike upanga. Kulikuwa na mguu wa mti ambao goti lake lilikunjwa kwa kamba iliyopita ndani mpaka kwenye kisigino. Picha aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya dole gumba la mguu, la mti na ngozi, la mwanamke wa Misri ya kale.

"Kwa nini mtu ajisumbue kutengeneza kidole?" nilimwuliza.

"Wewe si fundi viatu? Ndara zao zilikuwa za kamba. Bila dole gumba, ndara inashika wapi?" Akafunga daftari taratibu. "Huyu fundi hakutengeneza kidole, Jilo. Alimtengenezea mwanamke safari yake ya kutoka nje."

Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Nilikuja kuelewa miaka mingi baadaye, Mzee akiwa ameshastaafu na kurudi kwao Kitui, na mimi nikiwa ndiye mkubwa wa karakana na kiburi kimenijaa kifuani. Aliyenielewesha ni Bare.

Bare alikuwa mfugaji wa ngamia kutoka upande wa Modogashe, mwanamume mrefu wa miaka kama thelathini na mitano. Nyoka kifutu alimuuma mguu wa kulia akiwa mbali na barabara, na mpaka afike kwa daktari ilibidi mguu ukatwe juu ya goti. Aliletwa kwetu kigutu kilipopona. Hakuwa msemaji. Nilimpima, nikamfunga plasta, nikamuuliza kama panauma hapa au pale. Kila nilipomuuliza jambo lingine alinijibu, "Fanya tu, fundi. Mguu ni mguu."

Nikafanya. Nilimpa goti lenye kufuli, ambalo hukaa wima akitembea na kukunjika akivuta kamba ya kukaa. Nilimwekea wayo mpana wa mpira ili asizame mchangani, nikajiona mjanja kwa hilo. Alitembea kwenye sakafu yetu ya saruji kutoka mlango hadi mlango, nami nimefumba macho nikisikiliza, kwa sababu hatua mbili zinazolingana utazijua kwa sikio. Zililingana. Wauguzi walipiga makofi. Nikaandika kwenye faili yake neno moja, "Amefaulu," nikapiga mstari chini.

Baada ya miezi minne tulitoka na gari kuwatembelea wagonjwa waliokuwa mbali. Pale njia panda ya Modogashe, malori yamejipanga yakingoja abiria na mbuzi, nikauliza habari za Bare, na kijana mmoja wa duka akatuelekeza vichakani, mwendo wa saa moja.

Aliyetupokea ni mama yake, Habiba, mwanamke mwembamba mwenye macho ya kucheka. Kiswahili alikijua kwa kuuza maziwa pale njia panda. Alitukaribisha kwenye kivuli cha nyumba yao ya mikeka, na nilipoinama kuingia nikauona mguu wangu. Ulikuwa umetundikwa kwenye mti wa nyumba, kichwa chini, umefungwa kamba. Kwenye wayo wangu mpana wa mpira, ule wa ujanja, kilining'inia chombo cha maziwa.

Habiba aliona nilipotazama.

"Fundi, hii mguu yako tunashukuru," akasema. "Inabeba maziwa vizuri. Haijamwaga hata siku moja."

Nilicheka kwa sababu yeye alicheka.

Bare alikuwa nje, amekaa juu ya mkeka na magongo yake pembeni, anachonga kijiti bila kukitazama. Tulisalimiana sana, salamu ndefu za kule, habari za afya, za mvua, za mifugo, za barabara. Kisha nikamuuliza kama mguu unaumiza.

"Mguu iko sawa, fundi. Mimi ndio siko sawa."

Akaendelea kuchonga kijiti chake.

Jua lilipolegea, ngamia walirudi, na mdogo wake Noor akaingia kwenye boma la miiba kukama. Nilikuwa nimeishi Garissa maisha yangu yote na nimeyanywa maziwa ya ngamia tangu utotoni, lakini siku hiyo ndiyo niliyotazama kwa macho ya fundi. Noor alisimama kwa mguu mmoja, wa kushoto. Wa kulia aliuinua, akaukunja, akaegemeza wayo wake kwenye goti la kushoto, na juu ya paja lile lililolala kama rafu akaweka chombo. Mikono yote miwili ikawa huru. Alisimama hivyo kama korongo, akiimba chini chini, na ngamia akaachia maziwa.

Goti nililompa Bare hukunjika nyuma tu, haligeuki upande hivyo. Nilimgeukia. Alikuwa amegeuza uso upande mwingine.

Habiba alisema kwa sauti ya chini ili mwanawe asisikie, "Huyu ndiye alikuwa anakama yote. Ile ngamia nyeupe ilikuwa haikubali mkono mwingine. Tangu arudi hajaingia boma. Anasema mvua ikianza, Noor ahame na ngamia upande wa Liboi, ngamia zake ziwe za Noor, na yeye aende Garissa kwa shangazi yake akae tu."

"Akae afanye nini?"

"Akae tu, fundi."

Vijana wangu, nilimfungia yule mtu plasta kwa mikono yangu. Nilimpima urefu, uzito, upana wa nyonga. Nilijua unene wa kigutu chake asubuhi na jioni. Lakini sikuwa nimemuuliza asubuhi yako inaanza vipi, mikono yako inafanya nini, mguu huu unaupeleka wapi. Nilimtengenezea mguu wa kutembea kwenye sakafu yangu mwenyewe.

Nilimwambia Bare, "Nipe mguu niurudishe Garissa. Nipe wiki tatu."

"Ya nini, fundi? Iko sawa."

"Niazime tu."

Pale njia panda, tukingoja dereva aweke mafuta, lori refu la trela lilikuwa linageuza. Nilikuwa nalitazama bila kufikiri, na ghafla nikaona: kichwa cha lori kinakata kona huku trela bado limenyooka, na kati yao kuna sahani mbili za chuma zinazozungukiana. Nikashuka garini nikaenda kuinama chini ya lori la watu. Turnboi, msaidizi wa dereva wa lori, akanifokea, "Waria, unatafuta nini huko?" Nikamwambia natafuta mguu. Aliniacha, akafikiri nina wazimu.

Wiki tatu hizo nilikata mabamba mawili madogo ya duara, nikayalaza moja juu ya jingine, nikayafunga juu ya goti la bandia. Yakiwa yamefungwa na kipini, mguu ni imara. Ukikunja goti na kuvuta kipini, sehemu yote ya chini inageuka upande, hivyo mtu anaweza kuinua paja na kuegemeza wayo kwenye goti la pili. Springi inakirudisha kipini mahali pake. Nilifurahi mpaka nikamuonyesha askari wa getini.

Tulirudi. Bare aliuvaa mbele ya mama yake na ndugu yake, akajaribu kugeuza, ukageuka. Kwa mara ya kwanza nikaona meno yake. Akachukua chombo, akatembea mwenyewe mpaka bomani, kwa yule ngamia mweupe aliyekuwa hataki mtu. Akamwita. Ngamia akageuza kichwa. Bare akaanza kuimba, sauti yake ikakwaruza kama mlango uliofungwa siku nyingi, akainua paja, akavuta kipini.

Tak!

Sauti ndogo tu. Lakini ngamia aliruka kama amepigwa. Bare akaenda chini, chombo kikabingirika kwenye samadi, na ngamia akasimama mbali, shingo juu, akimtazama mtu asiyemjua. Noor alikimbia kumwinua.

"Usiniguse!"

Alilala pale kitambo. Kisha akakaa, akafungua mikanda ya mguu palepale chini, akaupangusa vumbi kwa kiganja, akaninyooshea.

"Chukua, fundi. Bole. Umefanya kazi kubwa."

Yeye ndiye alikuwa amelala kwenye samadi mbele ya watu wake, na bado ni yeye aliyenipa mimi pole, kwa ile "p" yao ya Kisomali inayotoka laini. Niliupokea mguu nikaenda kukaa nyuma ya gari ili wasinione.

Habiba ndiye aliyekuja. Alikaa chini karibu nami, akauchukua mguu mapajani kama mtoto, akavuta kipini, akakiachia. Tak. Akavuta tena. Tak.

"Hii inalia kwa nini?"

"Ni chuma, mama. Springi ikirudi lazima igonge."

"Mtoto akilia unamwacha alie? Unamfunga nguo, unambeba." Akaingiza pua ndani ya kikombe, akakunja uso. "Na inanuka duka."

"Ni plastiki."

"Ngamia anamjua mtu kwa pua, fundi. Bare ametoka hapa na mguu moja inanuka Bare. Amerudi na mguu inanuka duka. Wewe ungekubali?"

Akaingia ndani, akatoka na nyuzi za mizizi anazosukia vyombo vyake vya maziwa. Mnavijua vile vyombo, mmeviona sokoni, labda hamjavitazama. Ni vya kusuka, mzizi juu ya mzizi, hakuna msumari wala gundi, lakini vinashika maziwa yasivuje. Aliniambia kipya huvuja siku za mwanzo. Wanakipaka mafuta, wanakifukiza moshi, wanakijaribu, wanakifukiza tena, mpaka kinakubali. Nilifikiri: Mzee Mutua angekuwa hapa, angetafuta picha ya chombo hiki akaibandika karibu na mkono wa chuma, tena ukurasa wa mbele.

Tukakaa kazini. Yeye alisuka kamba nyembamba ya kuvuta na kurudisha kipini polepole, mahali pa springi. Mimi nilikishonea kipini ala ya ngozi, mshono wa ndani, kama zamani sokoni. Tulipokivuta, kilitoa sauti kama mtu anayemeza mate. Habiba akavuta mara nyingi, akiweka sikio, akisema, "Bado. Bado." Nikaongeza ngozi. "Haya. Sasa imenyamaza."

Kisha akawasha vijiti vya ule mti wanaofukizia vyombo, akazima mwali, akauinua mguu wangu kichwa chini juu ya moshi.

"Mama! Plastiki itayeyuka!"

"Mimi nimefukiza vyombo kabla hujazaliwa. Kaa chini."

Nilikaa chini. Moshi ulitoka kwenye matundu ya mikanda. Aliuzungusha mguu taratibu, akaufunika kwa nguo, akauacha mpaka asubuhi.

Bare hakutaka. Alisema imetosha, asionyeshwe tena kwa watu. Mama yake alimjibu kwa Kisomali, nami nilielewa: "Sijakuambia ukame. Nimekuambia simama karibu naye."

Akavaa. Akaenda. Hakubeba chombo. Alisimama tu karibu na ngamia mweupe, na ngamia akashusha shingo yake ndefu akaanza kunusa. Alinusa kanzu, mkono, kisha mguu. Alikaa kwenye mguu muda mrefu, pua zake zikifunguka na kujifunga. Hakuna aliyesogea. Kisha akapumua kwa nguvu, akageukia nyasi zake.

Noor akapenya kimya, akampa ndugu yake chombo. Bare akaanza ule wimbo. Akainua paja. Hakuna kilicholia. Wayo ukakaa kwenye goti, chombo kikakaa pajani, na tukasikia maziwa yakigonga sakafu ya chombo kitupu, kwa sauti nyembamba, halafu nzito, halafu nzito zaidi kadiri yalivyopanda.

Nilimtafuta Habiba. Alikuwa ametupa mgongo, anafunga mzigo ambao ulikuwa umeshafungwa.

Mvua ilianza, wakahama wote kwenda upande wa Liboi, Bare mbele na ngamia wake. Zaidi ya mwaka sikusikia habari zao. Nilijitahidi kutojiuliza kama mguu umetundikwa tena mahali.

Mchana mmoja nilikuwa kwenye jiriwa nikanusa moshi na ngamia, nikainua kichwa, na Bare amesimama mlangoni. Alikuwa ameshuka kwenye lori la mifugo. Alitazama sakafu kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Fundi, nisamehe. Nimeharibu mguu yako."

Nilimkalisha, nikauvua, nikauweka mezani. Wayo ulikuwa umelika ubavuni, pale unapoegemea goti, ukawa umebonyea sawasawa kama ungo. Kikombe kilikuwa kimepasuka na kufungwa kwa ngozi mbichi ya ngamia, iliyokauka ikabana kuliko ribiti zangu. Kamba ilikuwa imesukwa upya, tena na tena. Mabamba yalijaa mchanga na maziwa yaliyoganda. Wagonjwa wengine kwenye benchi walifunika pua. Mimi niliushika kwa mikono miwili nikashindwa kuuweka chini.

"Imeharibika sana?" akauliza. "Mbona unalia, fundi?"

"Imeharibika vizuri, Bare. Sijawahi kuona mguu ulioharibika vizuri hivi."

Nilipiga magoti na kanda ya kupimia. Kisha nikaiweka kando kwanza, nikamuuliza huu wa pili anataka umfanyie nini.

Alifikiri kidogo. Hakusema "mguu ni mguu."

"Hooyo amezeeka," akasema, akimtaja mama yake kwa Kisomali. "Kuhama ni mbali, na kupanda ngamia hawezi tena. Nataka mguu ya kunibeba mimi na yeye, nimwinue, nimweke juu mwenyewe."

Hesabu yangu yote ilibadilika hapo, unene wa chuma, upana wa wayo, kila kitu. Nikamuuliza mama ana uzito gani, ili nijue.

Bare alinyoosha mikono yake miwili mbele, viganja juu, akaitazama kama ameshampakata.

"Ah, si mzito," akasema. "Amekuwa mwepesi sana, fundi."